Enoch Powell: aliwasimamia marehemu wa Hola, halafu akawafungia mlango Wahindi wa Nairobi

Ukitaka kuona wasomi wawili wakikosana vibaya, wape jina la Enoch Powell, yule mwanasiasa wa Uingereza, halafu kaa pembeni. Mmoja atakwambia huyo ndo baba wa siasa za ubaguzi Uingereza, mwenye ile hotuba ya "mito ya damu" ya 1968 ya kuwapinga wahamiaji, mjadala umefungwa. Mwingine atatoa karata yake ya Hola, atakwambia huyuhuyu Powell ndo alosimama bungeni 1959 akaisema serikali ya chama chake mwenyewe kwa ajili ya Waafrika 11 waliopigwa virungu mpaka kufa kule Tana River, sasa mbaguzi gani huyo? Na wote wawili wana ushahidi, hapo ndo kazi inapoanza. Mimi naona hotuba zote mbili zilitoka kichwa kimoja na kwa mantiki ileile, na ukishaiona hiyo mantiki hushangai tena, kuikubali ni jambo lingine kabisa. Halafu sio habari za Wazungu peke yao hizi, ncha zote mbili za kamba zimefungwa Kenya.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kazaliwa Birmingham tarehe 16 Juni 1912, mtoto pekee, baba mwalimu na mama mwalimu, na huyo mama ndo alomwanzishia Kigiriki cha kale akiwa bado mvulana. Akaenda Cambridge, akafaulu kupita kiasi, na alipofika miaka 25 tayari ni profesa wa Kigiriki Chuo Kikuu cha Sydney huko Australia. Vita ya pili ilipolipuka 1939 akaacha uprofesa akarudi kwao, akaingia jeshini kama askari wa kawaida kabisa asiye na cheo, akatoka akiwa brigedia. Wanajeshi wa Uingereza waliopanda ngazi yote hiyo ndani ya vita moja wanahesabika kwa vidole.

Jeshi ndo lililompeleka India 1943, na India ikamteka. Akajifunza Kiurdu, akaisoma nchi, na akajiwekea ndoto moja ambayo leo inachekesha kidogo: siku moja awe Makamu wa Mfalme kule Delhi, mtawala wa India nzima. Hakuwa anatania, ndo sababu iliyomuingiza kwenye siasa na chama cha Conservative. Sasa 1947 serikali ya Labour ikatangaza India inaachiwa, na mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alitembea mitaa ya London usiku kucha akijaribu kulielewa hilo jambo. Na hapa ndo pa kushika sana. Wenzake wengi waliompenda mfalme na himaya yake waliendelea kujidanganya kwamba kuna kitu kimebaki, wakaita Jumuiya ya Madola, wakapiga picha na malkia, mambo yakaenda. Powell hakuweza. Kwake kama India imeondoka basi himaya imekufa, na kitu kikishakufa kizikwe, msikae na maiti sebuleni mkiipa majina mapya. Mwaka 1953 bungeni akaipinga sheria ya kubadilisha vyeo vya malkia kwa sababu hiyohiyo, kwamba mnatunga lugha ya kuficha ukweli kuwa hawa watu sio wetu tena.

Alishakuwa mbunge wa Wolverhampton Kusini Magharibi tangu 1950. Tabia yake ya kubwaga manyanga ilijulikana mapema, Januari 1958 alijiuzulu wizara ya fedha pamoja na bosi wake Peter Thorneycroft na mwenzao Nigel Birch, ugomvi wenyewe pauni milioni 50 za matumizi ambazo baraza la mawaziri lilikataa kuzikata. Kwa bajeti ya serikali nzima hiyo ilikuwa hela ndogo. Lakini Powell ndo alivyokuwa, akishaamini hesabu yake hatoki hapo hata umvute na kamba.

Sasa Hola. Wakati wa hali ya hatari Kenya serikali ya kikoloni iliwafungia maelfu kwa maelfu ya watu, wengi Wakikuyu, bila kesi, kwa tuhuma za Mau Mau. Wale waliogoma kukiri kiapo na kufanya kazi za kulazimishwa waliitwa wagumu, na kundi la hao likawekwa kambi ya Hola. Wakuu wa magereza wakaandaa mpango kwamba watu hao watolewe nje kwa makundi madogo na wafanyishwe kazi kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 wakatolewa kwenda kuchimba mtaro wa kumwagilia mashamba, wakagoma, askari wakashuka nao kwa virungu. Watu 11 wakafa. Na tangazo la kwanza la serikali kule Nairobi lilisema nini? Eti wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ndo uliowaumbua, miili ilikuwa na majeraha ya kipigo.

London wakafanya kile serikali zinachofanya, wakatafuta mdogo wa kumtwisha. Msimamizi wa kambi akastaafishwa, wakubwa waliobaki wakapewa maneno matamu, na waziri wa makoloni Alan Lennox-Boyd hakuguswa, uchaguzi mkuu uko mlangoni. Labour, na Barbara Castle ndani yake aliyekuwa amezisumbua serikali kwa miaka juu ya Kenya, wakalazimisha mjadala. Ukaanza usiku wa tarehe 27 Julai, na Powell akasimama saa saba na kitu usiku, bunge limechoka, wengi wangependa kwenda kulala.

Akaichambua kesi kama profesa anavyosahihisha mtihani. Alosaini mpango ni nani, aliyejua hatari ni nani, karatasi ilipita meza ya nani, na jibu lake likawa kwamba lawama haiwezi kuishia kambini, inapanda mpaka juu Nairobi na mpaka London. Mbunge mmoja wa chama chake mwenyewe alikuwa amewaita wale wafungwa watu wasiofikia utu. Powell akaigeukia hoja hiyo, akasema ni fundisho la kutisha kumhukumu binadamu mwenzako useme kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani basi hatua ambazo zingefuata kifo chake zisifuate. Halafu ikaja ile sehemu ambayo inanukuliwa mpaka leo: hatuwezi kusema tutakuwa na vipimo vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na labda vya Kiingereza hapa nyumbani. Denis Healey wa Labour, ambaye hakuwa rafiki yake kisiasa hata kidogo, alisema hajawahi kusikia hotuba kubwa kuliko ile bungeni.

Isome tena lakini, taratibu. Powell hasemi Waafrika wapewe uhuru. Hasemi Mau Mau walikuwa na haki, kinyume chake aliwaona wahalifu. Anachosema ni kwamba maadamu sisi ndo tunatawala, basi tunawajibika, na uwajibikaji hauna bei ya jumla na bei ya rejareja, ni mmoja popote bendera yetu ilipo. Hoja yake inasimama juu ya neno "tunatawala". Sasa jiulize, siku ukishaacha kutawala inakuwaje?

Rafiki yake Iain Macleod, waliyefanya kazi pamoja idara ya utafiti ya chama tangu miaka ya arobaini, alitoka na somo jingine kabisa. Alipewa wizara ya makoloni baada ya uchaguzi wa Oktoba 1959 na alikuja kusema Hola ndo iliyomuonyesha kwamba njia za zamani za kutawala Afrika zimefika mwisho, ndo maana Januari 1960 viongozi wa Kenya wako Lancaster House wanajadili katiba. Powell yeye akawa waziri wa afya kuanzia 1960, akatangaza kufungwa kwa hospitali kubwa za kizamani za wagonjwa wa akili na kupanga ujenzi wa hospitali mpya nchi nzima, na chini ya wizara yake manesi kutoka visiwa vya Karibi waliendelea kuajiriwa kama kawaida. Hilo wapinzani wake walimkumbusha sana baadaye. Mwaka 1963 yeye na Macleod wakakataa kutumikia chini ya waziri mkuu mpya Alec Douglas-Home, na 1965 Powell akagombea uongozi wa chama, akapata kura 15, Edward Heath akashinda kwa 150. Heath akamfanya waziri kivuli wa ulinzi.

Hapa tuingie kwenye paspoti, maana bila hili fundo 1968 haieleweki. Sheria ya uraia ya 1948 iliwafanya watu wa makoloni yote pamoja na Waingereza wenyewe kuwa raia wa aina moja. Baadaye 1962 London wakaanza kuweka geti kwa wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, lakini geti lilikuwa na tundu: halikumhusu mwenye paspoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Kabla ya uhuru, Mhindi wa Nairobi alipewa paspoti na serikali ya koloni, kwa hiyo geti linamhusu. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, serikali ya koloni ikafa, na sasa paspoti zake anazichukua ubalozi wa Uingereza, ambao ni serikali ya Uingereza yenyewe. Geti halimhusu tena! Yaani uhuru wa Kenya ndo uliompa Mhindi wa Ngara au wa Mombasa haki ya kupanda ndege akashuka London bila kuulizwa, kama mtu wa Birmingham anayerudi likizo.

Kwa upande wa Kenya, aliyekuwa hakupata uraia moja kwa moja alipewa miaka miwili kuomba. Wahindi walikuwa zaidi ya 170,000, wako waliojiandikisha, lakini wengi walisita, wakaona waishikilie paspoti ya Uingereza kwanza waone upepo unavumaje. Halafu 1967 serikali ya Mzee Kenyatta ikaleta sheria za uhamiaji na za leseni za biashara: asiye raia awe na kibali cha kazi, na maeneo kadhaa na bidhaa kadhaa haruhusiwi kuuza. Mwenye duka la kitambaa au fundi wa reli asiye na kibali akawa hana pa kusimama. Ndege zikaanza kujaa.

Powell na Duncan Sandys ndo waliopiga kelele zaidi kwamba wafungiwe, na huyu Sandys alikuwa waziri wa makoloni wakati Kenya inapata uhuru, yaani alijua vizuri kilichoahidiwa. Februari 1968 Powell akahutubia Walsall juu ya jambo hilohilo. Serikali ya Labour, sio Conservative, waziri wa mambo ya ndani James Callaghan, ikaogopa na kupitisha sheria mbio mbio ndani ya siku chache, tarehe 1 Machi imesainiwa. Sasa paspoti yako peke yake haitoshi, lazima wewe mwenyewe, au mzazi, babu au bibi yako, awe amezaliwa au kupewa uraia Uingereza. Rangi haikutajwa popote, lakini hesabu unaijua, mtoto wa setla wa Naivasha ana babu Scotland, Patel wa River Road babu yake yuko Gujarat. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikuja kusema waziwazi kwamba sheria ile ilibagua kwa rangi na ilikuwa udhalilishaji.

Na Macleod? Akapiga kura ya hapana, akasema nchi ilitoa neno lake kwa hawa watu. Marafiki wawili, hapo ndo njia zao ziligawanyika.

Tarehe 20 Aprili 1968, Jumamosi, hoteli ya Midland, Birmingham, ukumbi wa watu wasiofika hata mia. Bungeni kulikuwa na mswada mwingine, wa kukataza kumnyima mtu nyumba au kazi kwa sababu ya rangi, na Powell alikuwa anaupinga. Nakala ya hotuba alishaisambaza mapema, kamera za televisheni zikaja, na alishamdokeza rafiki yake mhariri wa gazeti la Wolverhampton kwamba hii itaruka kama fataki na haitashuka. Humo akamnukuu mpiga kura aliyesema baada ya miaka 15 au 20 mweusi ndo atakuwa ameshika kiboko juu ya mweupe. Akasoma barua juu ya bibi kizee mjane wa mtaa mmoja pale Wolverhampton anayesukumiwa kinyesi kwenye tundu la barua na kufuatwa na watoto weusi, akiwataja hao watoto kwa neno la dharau ambalo silirudii. Waandishi wakaingia mitaani kumtafuta huyo bibi, hawakumpata. Mwisho akamchomoa mshairi wa Kirumi Virgil, kwamba yeye kama yule Mrumi anaona mto Tiber ukitoa povu la damu nyingi. "Mito ya damu" hakutamka hivyo, ila magazeti yalishaibatiza hotuba jina hilo.

Kesho yake Heath akamfukuza kwa simu, na hakushika tena wadhifa wowote serikalini mpaka anakufa. Gazeti la Times likaiita hotuba ya uovu. Lakini tarehe 23 wafanyakazi wa bandari ya London, watu wa vyama vya wafanyakazi, wapiga kura wa Labour toka enzi za baba zao, wakaacha meli wakaandamana mpaka bungeni kumuunga mkono, na wapagazi wa soko la nyama la Smithfield wakafuata. Kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 74 wanakubaliana naye. Kwa hiyo usimfikirie kama kichaa aliyekuwa anaongea peke yake pembeni, nchi kubwa ilimsikia ikasema ndio, na hao wenye rangi nyingine walioamka Jumatatu kwenda kazini walijua majirani zao wamesema ndio.

Turudi kwenye mantiki. Hola: mko chini ya serikali yetu, kwa hiyo damu yenu inatuhusu kwa kipimo kilekile cha damu yetu. Nairobi 1968: hatuwatawali tena, kwa hiyo hamtuhusu, na hiyo paspoti ni karatasi iliyosahaulika kwenye droo ya himaya iliyokufa. Imekaa sawa, ndo maana wanafunzi wake mpaka leo wanaipenda. Lakini ni sawa na mwanamume anayempa mke talaka tatu halafu anakana na deni la mahari, eti ndoa si imekwisha. Ile paspoti haikuwa kumbukumbu, ilikuwa ahadi ya Uingereza, imepigwa muhuri wa Uingereza baada ya uhuru, na mtu aliyesema 1959 kwamba huwezi kuchagua pa kuwajibika kwa kuangalia bara, ndo huyo 1968 anachagua kwa kuangalia babu. Hapa ndo namshika shati. Halafu kuna lile ambalo mantiki yoyote haiwezi kulisafisha: ile barua ya bibi na kinyesi. Hakuna aliyemlazimisha kuisoma. Mtu anayepima maneno ya Kigiriki kwa mizani ya dhahabu alijua vizuri sana maneno yake ya Kiingereza yatafanya nini mtaani. Novemba mwaka huohuo pale Eastbourne akasema wazi zaidi, kwamba mtu wa Karibi au Mwasia hawi Mwingereza kwa kuzaliwa Uingereza, kisheria ni raia, lakini kiukweli anabaki vilevile Mkaribi au Mwasia. Ukishafika hapo sio suala la mipaka na sheria tena, ni damu.

Na bado hakai kwenye boksi moja, ndo maana anachosha. Alipinga adhabu ya kifo. Alipiga kura mapenzi ya jinsia moja yasiwe kosa la jinai. Hakuwaamini Wamarekani. Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda Agosti 1972 kwa notisi ya siku 90, Heath, sasa akiwa waziri mkuu, akapokea kama 27,000, Powell akapinga na kwenye mkutano wa chama akashindwa. Ugomvi wao mkubwa zaidi ukawa soko la pamoja la Ulaya, kwake hilo lilikuwa kuuza bunge zima zima, na Februari 1974 akafanya kitu ambacho hakifanyiki, akaacha kugombea na kuwaambia watu wapigie Labour kwa sababu Labour wameahidi kuuliza wananchi. Heath akaanguka, ushindi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wengi wanaamini mkono wa Powell ulikuwepo. Oktoba mwaka huo akarudi bungeni kutoka jimbo la South Down, Ireland ya Kaskazini, kwa tiketi ya Ulster Unionist, chama cha huko kinachotaka kubaki chini ya Uingereza, akakaa huko mpaka 1987 alipong'olewa. Alifariki tarehe 8 Februari 1998, akazikwa na sare yake ya brigedia.

Wale aliotaka wasiingie waliingia kidogo kidogo, kwa foleni za vibali na kwa kesi. Rishi Sunak, waziri mkuu kuanzia Oktoba 2022 mpaka Julai 2024 kwa tiketi ya chama kilekile cha Powell, baba yake kazaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika. Suella Braverman, baba yake katoka Kenya. Priti Patel, wazazi wake Wahindi wa Uganda, na yeye ndo aliyeenda Kigali Aprili 2022 kusaini mkataba wa kuwapeleka Rwanda watu wanaoomba hifadhi Uingereza. Unaweza kusema utabiri wa Powell ulikufa hapo, unaweza pia kusema sera zake zilipata warithi ambao hakuwategemea kabisa, na mimi nadhani yote mawili ni kweli.

Mei 2025 waziri mkuu wa Labour, Keir Starmer, alitangaza sera mpya ya uhamiaji akasema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana, na siku hiyohiyo watu wakafukua hotuba ya Birmingham, pale Powell aliposema Waingereza wamefanywa wageni ndani ya nchi yao wenyewe. Mwezi uliofuata Starmer akasema anajutia, na kwamba yeye na waandishi wake wa hotuba hawakuwa na habari kwamba inafanana na ya Powell. Kama ni kweli, basi hapo ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza kulikosekana hata mtu mmoja aliyewahi kuisoma.